Jinsi Tulivyoacha Kumfuata Mwenyekiti kwa Kila Neno

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tandahimba, na wanachama wetu karibu wote ni wakulima wa korosho. Mwezeshaji mmoja wa semina alitushauri kwamba, ili tuamue mambo vizuri, inatosha kukaa kwa duara na kila mtu aseme kwa uhuru. Duara tulikaa. Mwenyekiti, mzee ambaye wengi wetu tunampa shikamoo, alifungua kwa kusema kuwa anaona tununue mashine ya kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho. Aliyefuata akasema hana la kuongeza, wa tatu akaunga mkono hoja, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Manung'uniko yalianza njiani kurudi nyumbani.

Niliazimia kuwaonyesha kwa macho. Nilijaza korosho ghafi kwenye ndoo ndogo ya plastiki, baada ya kuzihesabu usiku pamoja na wanangu, nikaileta kikaoni na kuomba kila mmoja akisie idadi yake kwa sauti. Mwenyekiti akasema elfu tatu. Basi, waliofuata wakazunguka hapo hapo: elfu mbili na mia nane, elfu tatu na mia moja. Nilipowaambia kwamba hazikuzidi sana elfu moja, mama mmoja alidai nimezila nyingine.

Kikao kilichofuata nilileta chombo kingine, safari hii makisio yakaandikwa kwenye vikaratasi kimya kimya. Wasioandika walininong'oneza sikioni, nami nikawaandikia. Yalitawanyika vibaya sana, toka mia nne hadi elfu tano, lakini tulipoyapanga kwa ukubwa, lile la katikati lilikosea kwa korosho zisizojaza kofia. Nilifurahi mno, ingawa sikuvumbua mimi: mwaka 1907 Mwingereza Francis Galton alieleza jinsi makisio 787 ya uzito wa ng'ombe akishachinjwa na kuchunwa, yaliyotolewa kwenye maonyesho huko Plymouth, yalivyokuwa na namba ya katikati ya pauni 1,207, ilhali uzito wenyewe ulikuwa pauni 1,198. Anayezidisha na anayepunguza hufidiana, mradi hawajasikiana kwanza.

Tangu hapo tunaandika kabla ya kusema, na mwenyekiti huzungumza mwisho. Alikubali bila ugomvi; nilimfuata kwake mapema, jambo ambalo mwezeshaji hakulitaja.

Kuhusu mashine, niliongeza swali linalotokana na mbinu ya mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein: "Tuseme msimu umekwisha na mashine imetutia hasara, andika sababu." Ukiuliza kama kuna mwenye wasiwasi, mtu huona haya kumpinga mzee, lakini ukishasema hasara imetokea, kila mmoja ana maelezo. Wachache waliandika petroli na fundi. Vikaratasi vingi vilitaja zamu: ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, hushambulia maua, mikorosho yetu huchanua karibu wakati mmoja, na salfa hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa hiyo sote tungeihitaji mashine siku zile zile. Kwenye duara hakuna aliyelisema hilo.

Mashine tulinunua, kwa laki kadhaa, ila baada ya kukubaliana kwamba zamu zipangwe kwa kura. Mwenyekiti akaokota namba ya pili kutoka mwisho. Hakuna aliyejitolea kumwachia nafasi, naye hakuomba.