Jinsi nilivyotengeneza paipu ya haidroliki iliyovuja kwenye Citroën BX

Citroën BX haina springi za chuma. Uzito wake hubebwa na mafuta yanayosukumwa na pampu hadi kwenye matufe yenye gesi ya naitrojeni, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayosimamisha gari ukikanyaga breki. Kwa hiyo nilipoona majimaji ya kijani yakidondoka chini ya gurudumu la nyuma, sikuona kuwa ni jambo la kungojea mwisho wa mwezi.

Fundi ninayemwendea hapa Nakuru ni mzoefu wa Peugeot 504 na Toyota, na ushauri wake wa kwanza ulikuwa mwepesi: "Mwalimu, tangi likipungua ongeza mafuta ya breki, yote ni mafuta." Nilimweleza kuwa gari hili hutumia LHM, mafuta ya kijani yatokanayo na mafuta ghafi, na kwamba mafuta ya kawaida ya breki huharibu mipira yote ya mfumo, kuanzia kwenye pampu hadi kwenye breki zenyewe. Alikubali, ingawa kwa shingo upande. LHM yenyewe niliagiza kutoka Nairobi.

Kazi iliyotuchukua muda mrefu ilikuwa kupata mahali penyewe palipovuja. Silinda ya nyuma, ile inayobeba gari upande wa gurudumu hilo, ilikuwa imelowa kabisa, na mtu mwenye haraka angeifungua papo hapo. Tuliosha sehemu yote ya chini kwa dizeli na sabuni, tukaiacha ikauke, kisha nikawasha injini na kuweka wenzo wa kimo, ule wa kupandisha na kushusha gari, kwenye nafasi ya juu kabisa, gari likiwa limeegemezwa kwenye stendi imara, kwa maana shinikizo likitoweka ghafla mwili wa gari hushuka na kumbana aliye chini. Nilimkataza fundi kupapasa paipu kwa kidole. Pampu hufikisha shinikizo la baa 145 hadi 170, na mchirizi mwembamba wa mafuta kwa nguvu hiyo hupenya ngozi. Tulitumia kipande cha katoni badala yake. Katoni ililowa mbele kabisa ya silinda, penye kibanio kilichokuwa kimeshika matope ya barabara za Molo kwa miaka mingi. Chini ya matope hayo paipu ilikuwa imeliwa na kutu, na mafuta yalikuwa yakitambaa juu yake hadi kwenye silinda.

Fundi alitaka kukata sehemu mbovu na kuunga paipu ya breki. Ugumu ni kwamba ncha za paipu za Citroën hazifanani na za magari mengine: uvimbe wake umeachwa nyuma kidogo ya ncha, ili mpira mdogo uvikwe kwenye sehemu inayochomoza, na mpira huo ndio unaozuia mafuta, si nguvu ya spana. Nati ikikazwa mno huharibika bila faida yoyote. Tulipata paipu nzima, yenye ncha zake za asili, kutoka kwa BX iliyokwisha kufa katika uwanja wa vyuma chakavu, tukanunua mipira mipya.

Kabla ya kufungua chochote tulishusha gari na kulegeza skrubu ya kutolea shinikizo kwenye rigyuleta, kifaa kinachodhibiti shinikizo la pampu. Kufunga paipu hakukuwa na taabu. Kwa kuwa tangi lilikuwa limebaki na mafuta kidogo, nilitoa vichujio vyake na kuvisafisha kwa petroli na hewa ya kompresa, kazi ambayo wengi huiruka. Injini ilipowaka tulikaza skrubu, tukapandisha na kushusha gari mara kadhaa ili hewa irudi tangini. Breki za nyuma hupata mafuta yake kutoka kwa mfumo unaobeba sehemu ya nyuma ya gari, kwa hiyo nazo tulizitoa hewa, injini ikiwaka na pedali ikikanyagwa polepole, bila kupampu. Kiwango cha mafuta kilipimwa gari likiwa juu kabisa, hadi kielea cha manjano cha tangi kikakaa kati ya pete mbili nyekundu.

Kielea hakijashuka tangu hapo. Hata hivyo, paipu nyingine zinazopita kwenye vibanio hivyo zina kutu ya juu juu. Tumezisugua na kuzipaka grisi, na fundi ameanza kuniulizia nyingine kwa wauza vyuma chakavu kabla ya mvua za Aprili.