Safari ya Mpwapwa: Toba Yenye Kiasi na Anwani

Basi la Mpwapwa likitoka Dodoma hushika barabara ya Morogoro, hupita Ihumwa na Buigiri, na likifika Mbande huiacha barabara kuu na kukata kulia kwenda Kongwa. Safari yote ni kama kilomita 120. Nilikwenda kiangazi, mibuyu ikiwa haina jani, kwa shabaha moja: kukaa na kikundi cha uamsho cha Waanglikana ambako watu bado wanaungama dhambi kwa midomo yao mbele ya wenzao, niwaulize wanafanyaje. Kutubu tunahimizwa kila mahali, redioni, kwenye mikutano ya injili, hata msibani. Wanaofundisha namna ya kutubu ni wachache.

Desturi hiyo si ngeni Dodoma. Uamsho wa Afrika Mashariki huhesabiwa tangu mwaka 1929, Simeoni Nsibambi wa Uganda alipokutana na daktari Joe Church kule Namirembe, Kampala. Miaka ya 1930 ukawaka Gahini, Rwanda, kisha ukavuka kuingia Tanganyika. Katika miaka ya 1940 mmoja wa watu wake, Festo Kivengere, ambaye baadaye alikuwa askofu kwao Uganda, alikuja kufundisha shule ya Alliance mjini Dodoma. Shule hiyo baadaye iliitwa Mazengo, na mahali pake leo pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Habari yake inayosimuliwa sana ni ya baiskeli: aliiendesha hadi kwa Mwingereza aliyekuwa akimchukia, akamwambia ana kwa ana kwamba alimchukia, akaomba radhi. Angeweza kuyamaliza kwa sala ya kimyakimya kitandani. Alikwenda kwa mwenyewe.

Kuanzia Mbande mandhari ni ya tambarare na vichaka vya miiba, na huwezi kupita Kongwa bila kukumbuka karanga. Serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa kulima karanga hapa mwaka 1947. Udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu, chembe zake zikayala majembe ya matrekta, mvua zikapungua, na ekari zilizokusudiwa zikawa zinapunguzwa mara kwa mara kwenye mipango. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameshazama. Shamba lilikuwa limetoa jibu lake mapema. Watu ndio waliochelewa kulikubali, wakawa wanarekebisha takwimu badala ya kusema tumeshindwa. Dhambi iliyofichwa huenda hivyohivyo, na gharama yake hupanda kila msimu.

Mpwapwa iko chini ya milima, yenye maji, ndiyo maana misafara ya pwani ilipumzika hapa, ya pembe na ya watumwa pia. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walifika katika miaka ya 1870. Kikundi nilichokitembelea hukutana alasiri, mabenchi yamepangwa mduara, hakuna kipaza sauti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Bwana asifiwe."

"Amina."

Mzee kiongozi alikuwa fundi seremala, na alianza na karatasi. Anayetaka kuungama hapelekwi mbele siku hiyohiyo. Anaambiwa akae peke yake nusu saa na zile amri kumi za Kutoka 20, aandike. Zaidi ya saa moja hapana, kwa sababu mtu huanza kujichimba na kubuni makosa ili aonekane mnyenyekevu. Kila mstari uwe na mambo manne: nilifanya nini, nilimfanyia nani, lini, kiasi gani. Si "nimekuwa mwenye tamaa", bali "mwezi wa tano nilichukua shilingi 50,000 za kikundi". Karatasi ni bora kuliko simu, maana simu huazimwa na watoto. Na ikishasomwa mbele ya Mungu inachomwa, isipokuwa mistari inayohusu deni.

Wapi panaharibika? Mama mmoja mhazini alicheka kabla ya kujibu. Kwanza, watu huungama dhambi za wengine: "nilimtukana mume wangu kwa sababu alikunywa." Anasimamishwa kwenye "nilimtukana mume wangu", yaliyobaki anayaacha. Pili, wapo wanaosema shetani alinipitia. Mzee huuliza alipitia saa ngapi, na wewe ulikuwa umesimama wapi. Tatu ni wale wanaotaja dhambi ndogo nyingi mfululizo ili ile kubwa ipite katikati bila kuonekana. Wasikilizaji wazoefu hungoja, kisha huuliza: kuna lingine? Mara nyingi hilo lingine ndilo lililomleta.

Jambo lililonivutia kuliko yote ni kanuni yao ya mipaka. Dhambi ya siri, ya mawazo, inaungamwa kwa Mungu na kwa mtu mmoja anayeaminika, kama Yakobo 5:16 inavyoelekeza tuungamiane. Dhambi dhidi ya mtu inapelekwa kwa mtu huyo, hata kabla ya sadaka, kwa mujibu wa Mathayo 5:23-24. Iliyofanyika hadharani ndiyo inayoungamwa hadharani. Wazee hawa wanasema zamani watu walisimama wakataja uzinzi pamoja na jina la mwenzao, na ndoa ya mtu wa tatu ikabomoka mbele ya mkutano uliokuwa ukiimba. Siku hizi jina la mtu mwingine halitajwi kwenye mduara. Na kuna mpaka mwingine ambao mimi ningeuandika ukutani: aliyemdhuru mtoto, au kumbaka mtu, hamalizi kwa machozi ya kikundi. Anapelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, na aliyeumizwa anatafutiwa msaada kwanza. Kikundi kinachomaliza jambo hilo ndani kwa ndani kinamficha mkosaji na kumsaliti mtoto.

Kisha yanakuja malipo, na hapa Wagogo wana faida, kwa kuwa hesabu ya mifugo hawakosei. Walawi 6 inataka kilichochukuliwa kirudishwe na sehemu ya tano juu yake: aliyechukua 50,000 anarudisha 60,000. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, aliahidi mara nne, ambayo ingekuwa 200,000, lakini hiyo ilikuwa ahadi yake, haikuwa kiwango alichopangiwa, na kikundi hakimtozi mtu kiasi hicho. Aliyeiba mbuzi mwenye mimba harudishi beberu. Asiye na fedha anaandikiana na mdai malipo ya kila mwezi mbele ya mashahidi wawili, kwa kiasi anachokiweza wakati wa njaa, si wakati wa mavuno tu. Ahadi kubwa iliyotolewa siku ya machozi huvunjika kabla ya mvua kunyesha, na mdai huumizwa mara ya pili. Kama mdai amekufa, Hesabu 5:8 inapeleka malipo kwa ndugu wa karibu. Asipokuwepo, yanawekwa wakfu kwa Bwana.

Anayekwenda kuomba radhi hafundishwi kulia, anafundishwa kusema kwa ufupi: nilifanya hivi, nilikosa, nimeleta hiki, nitaleta kile. Hasemi "naomba unisamehe sasa hivi", wala haleti mchungaji wa kumshinikiza mtu. Aliyekosewa ana haki ya kunyamaza. Anaweza kupokea fedha na kufunga mlango.

Nilipofika hapo niliuliza swali ambalo lilikuwa likinisumbua tangu Kongwa: haya yote si kununua msamaha? Mzee alifungua Luka 19 na kuniwekea kidole kwenye mpangilio. Yesu anamwita Zakayo mtini, anasema leo imenipasa kushinda nyumbani mwako, na Zakayo anashuka kumkaribisha kwa furaha. Habari ya kurudisha mara nne inakuja baada ya hapo. Mgeni ameshaingia ndipo mwenye nyumba anafungua kasha. Waefeso 2:8-9 inasema hilohilo kwa namna nyingine, kwamba wokovu ni kwa neema, si kwa matendo. Anayelipa ili asamehewe hujulikana haraka: analipa kwa hasira, anataka watu wajue, na mdai asipomshukuru anakasirika.

Kesho yake, Jumamosi, nilikwenda kwa katekista wa parokia ya Kikatoliki kuulizia upande wao, nikakuta mpangilio unaofanana kuliko nilivyotarajia. Muungamaji anatafuta dhambi zake, anajuta, anakusudia kutorudia, anaungama kwa padre, kisha anatimiza kitubio alichopewa. Ondoleo linatamkwa kabla ya kitubio kutimizwa. Katika karne za mwanzo za Kanisa mtu alifanya kwanza toba ya muda mrefu ndipo akapatanishwa. Kanuni 989 ya Sheria ya Kanisa inadai dhambi kubwa ziungamwe angalau mara moja kwa mwaka, na kanuni 983 inamfunga padre asitoe siri kwa sababu yoyote. Katekista aliongeza onyo ambalo kikundi cha uamsho hakikunipa: mtu anayeungama dhambi ileile ya zamani kila wiki, ingawa hajairudia, haongezewi toba. Anaambiwa achague muungamishi mmoja na amtii anaposema imekwisha. Warumi 8:1, isemayo hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo, ni ya mtu wa namna hiyo.

Kwa maoni yangu Waanglikana wa uamsho wanashinda kwenye ukweli, maana ni vigumu kupunguza kiasi mbele ya watu wanaokujua. Wakatoliki wanashinda kwenye usalama wa wasiohusika. Mkristo wa kanisa lolote anaweza kuchukua pande zote mbili bila kuhama benchi.

Nilirudi kwa mzee kuuliza kuhusu anayeanguka tena katika jambo lilelile. Alisema anarudi kwenye karatasi, mstari mpya, tarehe mpya, na safari hii inaongezwa safu ya tano: ilikuwa saa ngapi na mahali gani. Mlevi akigundua kila mara ni siku ya mnada, siku hiyo anapangiwa mwenzake wa kutembea naye. Mhazini aliyerudia kuchukua fedha anasamehewa na anaendelea kukaa kwenye mduara, lakini sanduku la kikundi lina kufuli tatu na yeye hapewi funguo hata moja. Kwa muda gani? Mzee alisema miaka mitatu. Mama mhazini alisema hadi kikundi kipige kura. Walikuwa bado wanabishana nilipoaga kuwahi basi.