Kumwagiza Msanii Kazi Bila Kumfunga Mikono

Mtu anayeagiza mchoro hulipia vitu viwili, mkono wa msanii na jicho lake, ingawa wengi wetu huandika maagizo kana kwamba tunanunua mkono peke yake. Tunataja rangi ya anga, upande ambao uso utaelekea na hata idadi ya ndege watakaotua mtini, kisha tunashangaa kazi inapofika ikiwa na kila tulichokitaja lakini haina uhai. Ninaandika haya nikiwa upande wa mlipaji, kwa kuwa maneno mengi kuhusu uhuru wa kisanaa husemwa na wasanii wenyewe, na sisi wenye kulipa huyapokea kama manung'uniko tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantova nchini Italia. Mwaka 1503 aliwekeana mkataba na Pietro Perugino, aliyekuwa miongoni mwa wachoraji waliosifika sana Italia nzima, ili amchoree mapambano baina ya Mapenzi na Usafi wa Moyo. Mkataba ule haukuacha nafasi hata ya kupumua. Ulieleza kwamba Pallas, mungu wa kike wa hekima katika hadithi za kale, aonekane amekaribia kumshinda Cupid, mungu wa mapenzi, mshale wa dhahabu na upinde wa fedha vikiwa vimevunjwa na kutupwa chini, mkono mmoja wa Pallas ukikishika kitambaa kilichomfunga Cupid macho na mwingine ukiinua mkuki. Mchoraji aliruhusiwa kupunguza watu wa pembeni iwapo wangezidi, lakini alikatazwa kuongeza chochote kutoka kichwani mwake. Picha ilipofika mwaka 1505, Isabella alijibu kwa adabu iliyojaa baridi: alisema kwamba ingekamilishwa kwa uangalifu zaidi ingempa mchoraji heshima kubwa zaidi, na kwamba angefurahi kama ingechorwa kwa rangi za mafuta. Leo picha hiyo iko katika jumba la makumbusho la Louvre, mjini Paris, nami nikiitazama katika nakala zake ninamwona mchoraji hodari akitimiza orodha.

Isabella huyohuyo alimtaka pia Giovanni Bellini, mchoraji wa Venice, amchoree kisa cha aina hiyo. Mwandishi Pietro Bembo, aliyekuwa akiwasaidia kuelewana, alimwandikia mwaka 1506 kumwarifu kwamba Bellini hapendi kuwekewa masharti mengi, kwa sababu amezoea kutembea apendavyo ndani ya picha zake. Kisa kile Bellini hakukichora. Sioni kiburi katika kukataa huko. Ninaona mtu aliyejua kwamba kazi ambayo hakuibuni mwenyewe ingekuwa dhaifu na bado ingebeba jina lake.

Haya hayana maana kwamba mteja anyamaze. Kuna mambo ambayo msanii hawezi kuyabuni na ambayo ni lazima ayapate kwa maandishi tangu mwanzo: vipimo, mahali picha itakapokaa na mwanga wa mahali hapo, tarehe ya kukabidhi, fedha zilizopo, na jambo lolote ambalo ni mwiko kwa watakaoitazama. Baada ya hayo, kinachomsaidia zaidi ni kujua kusudi. Ukitaka picha ya chumba ambamo wagonjwa husubiri kumwona daktari, unaweza kuagiza bahari ya buluu yenye mashua mbili, nawe utaletewa bahari ya buluu yenye mashua mbili. Lakini ukimweleza kwamba watakaoitazama watakuwa watu wenye hofu, watakaokaa mbele yake kwa muda mrefu bila kitu kingine cha kutazama, umempa tatizo la kulitatua, na kutatua tatizo la namna hiyo ndiyo kazi aliyojifunza.

Uhuru huo, hata hivyo, huanza kabla ya agizo, katika kumchagua msanii. Anayemwendea mchoraji wa mistari mizito na giza jingi, kisha akampa picha laini za mtu mwingine kama mfano wa anachotaka, amekwenda mlango usio wake. Mimi hutaja kazi mbili au tatu za msanii mwenyewe zilizonivutia na kueleza kilichonivutia, na hapo mazungumzo huwa mafupi sana.

Mahali pa kusema ni kwenye mchoro wa awali. Penseli hufutika, rangi iliyokwisha kukauka ni gharama na uchungu. Hata hapo kuna namna ya kusema. Mteja akisema, "Jicho langu linakimbilia kona ya juu badala ya usoni," ametoa taarifa ambayo msanii hawezi kuipata kwingine. Akisema, "Ondoa huo mti," amejitwika kazi asiyoiweza, na huenda mti haukuwa na kosa lolote. Ninaona ni busara idadi ya marekebisho iandikwe katika makubaliano, si kwa ajili ya kumlinda msanii pekee bali pia kumlazimisha mteja afikiri kabla ya kufungua mdomo.

Zipo kazi ambazo uhuru wake ni mdogo kwa haki kabisa. Mchoro wa mishipa ya moyo kwa ajili ya kitabu cha wanafunzi wa udaktari haumngoji mtu abuni mshipa, na familia inayotaka sura ya marehemu wao ina haki ya kumtambua. Mteja wa hatari zaidi, kwa maoni yangu, ni yule anayesema "fanya upendavyo" huku akiwa na picha kamili kichwani, kwa maana huyo atakasirishwa na kila kitu na hatajua kueleza sababu. Aliye na picha kamili na aiseme mapema.

Linabaki suala la kazi isiyopendwa. Mwaka 1891 chama cha waandishi cha Ufaransa kilimwagiza mchongaji Auguste Rodin sanamu ya Balzac, mwandishi wa riwaya wa nchi hiyo, kikitarajia kuipata baada ya miezi 18. Aliionyesha mwaka 1898, ikiwa mwili mzima umefunikwa joho na kichwa kimeinuliwa juu, na chama kikaikataa. Rodin alirudisha fedha na kubaki na sanamu yake. Mwaka 1939, zaidi ya miaka 20 baada ya kifo chake, ilisimamishwa kwa shaba mjini Paris. Si kila msanii anaweza kurudisha fedha alizokwisha kuzila, ndiyo maana mimi hupendelea malipo ya hatua kwa hatua: sehemu wakati wa kukubaliana, sehemu mchoro wa awali unapokubaliwa, na iliyobaki wakati wa kukabidhi. Nikisitisha kazi katikati, alichokwisha kulipwa ni chake, na mchoro pia ni wake, auze kwa amtakaye.