Siku moja mwaloni Igombe: kuomba jua katika msimu wa mvua

Nina umri wa miaka 22. Mimi ni karani wa dagaa katika mwalo wa Igombe, wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na tangu mwaka huu mimi ndiye ninayeongoza sala ya asubuhi ya Wakristo wanaofanya kazi hapa. Majukumu hayo mawili yamenikuta nikiwa mchanga: kazi bado naijifunza, na imani yangu, ingawa nimelelewa kanisani, ina maswali ambayo mara nyingi nashindwa kuyatamka mbele ya wazee. Siku ninayoisimulia ni ya mwezi Novemba, na naisimulia kwa ajili ya vijana wenzangu waliokabidhiwa dhamana kanisani kabla hawajajiona kuwa tayari.

Saa 11:00 alfajiri

Kabla ya kutoka nasoma Yeremia sura ya kwanza, ambayo nimekuwa nikiirudia kwa majuma kadhaa. Kijana yule anapoitwa anajitetea kwamba hawezi kusema, "maana mimi ni mtoto", na Mungu anamkataza kutumia neno hilo kama udhuru. Jambo ambalo nililigundua baadaye ni kwamba wito huo ulimjia katika mwaka wa 13 wa kutawala kwake Yosia, naye Yosia alianza kutawala akiwa na umri wa miaka 8, kwa hiyo mfalme mwenyewe alikuwa na takriban miaka 21. Nchi nzima ilikuwa mikononi mwa vijana. Hata hivyo ahadi anayopewa Yeremia ni fupi sana: "mimi nipo pamoja nawe". Haahidiwi kusikilizwa, na kwa kweli miaka mingi baadaye alitupwa shimoni, akazama matopeni, mpaka Ebed-Meleki, mtumishi wa nyumba ya mfalme, alipomtoa kwa kamba.

Saa 12:00 asubuhi

Mitumbwi inaingia. Tuko katika siku za giza, yaani siku ambazo mwezi hauangazi usiku, na ndizo siku za kuvua dagaa, kwa sababu dagaa hufuata mwanga wa taa. Zamani wavuvi walitumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikishakuwa kali, kazi husimama, na mwalo mzima huishi kwa kilichopatikana gizani.

Kazi yangu ni kusimama kando ya mtumbwi na daftari, kuhesabu ndoo na kuandika jina la kila anayechukua. Akina mama wengi huchukua kwa mkopo: wataanika, watawauza wakavu katika soko la Kirumba Mwaloni, ambako wanunuzi huja hata kutoka Kongo, kisha watamlipa tajiri mwenye mitumbwi. Kwa hiyo kila ndoo ninayoiandika ni deni, na deni hilo linategemea jua.

Saa 1:00 asubuhi

Tunasali kabla ya kuanika. Tunakusanyika pembeni mwa vichanja, wake kwa waume, wa makanisa mbalimbali. Nasoma Neno kwa ufupi, kisha naomba, na ombi kuu kila siku ya msimu huu ni moja: Bwana, tupe jua mpaka jioni.

Leo baada ya "amina" dada mmoja, rika langu, alinivuta kando. Alisema kwamba Waraka wa Yakobo unaeleza kuwa Eliya alikuwa mwanadamu mwenye tabia moja na sisi, akaomba mvua isinyeshe, na haikunyesha kwa miaka mitatu na miezi sita. "Sisi tunaomba jua la muda wa saa nane tu," akasema, "na juma lililopita tuliloa. Ni imani yetu iliyo ndogo, au hakuna anayesikia?" Aliuliza kwa uchungu, bila dharau yoyote, kwa sababu juma hilo alipoteza karibu mzigo wote. Nilimwambia kwamba sina jibu la kumpa kwa sasa, na kwamba swali hilo ni langu pia. Alinitazama kwa muda, akarudi kwenye kichanja chake.

Saa 4:00 hadi saa 7:00

Jua linawaka. Dagaa wanageuzwa kwa mikono, na nakuwa napita nikikagua, maana mnunuzi hataki wenye mchanga wala wale waliokauka upande mmoja. Dagaa aliye tayari, ukimkunja kati ya vidole viwili, huvunjika na kutoa mlio mdogo. Ambaye bado hujipinda na kukuachia magamba ya kung'aa kwenye ngozi. Saa 6 wengi walikuwa bado wanajipinda.

Wakati wa chakula mama yangu alinipigia simu kutoka Kwimba. Baada ya salamu alikuwa na neno moja tu: mvua imechelewa, majaruba ya mpunga ni makavu, pamba imeota kwa shida. "Mwanangu, huko kwenu mwombeni Mungu atupe mvua," alisema, nami nikaitikia, "Ndiyo, mama." Nilikata simu nikiwa nimekubali kumwomba Mungu yuleyule mambo mawili yanayopingana, kati ya watu ambao wote nawapenda na ambao wote wanamwamini. Kwangu mimi, shaka haikuanzia vitabuni wala kwa watu wasioamini. Ilianzia hapo, kati ya kichanja cha dagaa na jaruba la mpunga.

Saa 8:30 mchana

Mvua ilitokea upande wa ziwani. Tulikimbia sote. Kukunja turubai, kukusanya, kufunika, kukimbilia kichanja cha jirani ambaye yuko peke yake: hakuna aliyeuliza mwenzake ni wa dhehebu gani. Walioanika mapema waliokoa sehemu kubwa. Walioanika mwisho walipoteza, kwa sababu dagaa mbichi akirundikwa chini ya turubai huchemka, hubadilika rangi na kunuka, na huishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku.

Mama mmoja mtu mzima, mjane, ambaye ameanika hapa tangu kabla sijazaliwa, alikuwa miongoni mwa waliopoteza. Nilimwendea nikiwa sijui la kumwambia. Alikuwa anakamua maji kwenye khanga yake, na akatangulia yeye kusema: "Kesho uombe tena, na usipunguze sauti."

Saa 10:30 jioni

Hapa ndipo sura ya kwanza ya Yeremia iliponikamata. Daftari lilikuwa mkononi mwangu, na tajiri alikuwa anasubiri orodha ya wadaiwa. Niliona wazi kwamba nisingeweza kuwaongoza akina mama hawa katika sala asubuhi, kisha jioni nikabidhi majina yao kimya kana kwamba sala na daftari havijuani. Lakini mimi ni nani mbele ya mtu mwenye umri wa baba yangu, aliyeniajiri juzi tu? Udhuru wa utoto ulinijia mdomoni ukiwa tayari.

Niliomba kwa maneno machache, nikaenda. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," nikamwomba madeni ya wale walioloa yasogezwe hadi giza lijalo. Sauti ilinitetemeka. Alinihoji kwa muda mrefu kuhusu kila jina: nani ameloa kweli, nani anatumia mvua kama kisingizio, na kama nilikuwa nimekagua vichanja mwenyewe. Mwisho alikubali kwa wale waliopoteza mzigo wote, akakataa kwa waliobaki. Sikupata nilichoomba kikamilifu, na baadhi ya akina mama wataendelea kubanwa. Bado ninaamini kwamba nilitumwa pale, na kwamba sikuwa peke yangu niliposimama mlangoni.

Saa 1:00 usiku

Katika kikao cha vijana kanisani nililitoa swali la Eliya kama nilivyoulizwa. Tulifungua 1 Wafalme 17, na hapo tukaona jambo ambalo katika haraka ya asubuhi sikulikumbuka: Eliya alikuwa akinywa maji ya kijito cha Kerithi, na kijito hicho kikakauka kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi. Ombi lililojibiwa lilimkausha koo yeye mwenyewe. Baadaye, baada ya kuwashinda manabii wa Baali katika mlima Karmeli, nabii huyohuyo aliketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe.

Mzee wa kanisa aliyekuwa nasi aliongeza habari ya kwetu. Wamisionari wa CMS (Church Missionary Society), shirika la Kianglikana la Uingereza, walifungua kituo Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, mwaka 1888, na mwaka 1909 kazi hiyo ikapokewa na shirika la AIM (Africa Inland Mission), ambalo kutokana nalo Kanisa la AICT (Africa Inland Church Tanzania) limetokea. Alituomba tufikirie walioanza na hawakuona mwisho wake. Swali langu halikwisha, na sitaki kudanganya kwamba limekwisha. Sasa naweza kuliomba kama lilivyo, kama baba yule wa Injili ya Marko aliyesema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na Yesu hakumfukuza.

Saa 3:00 usiku

Nimehamisha majina katika daftari na kuandaa somo la kesho. Nitasoma habari za Kerithi, nitawaombea mvua wakulima wa Kwimba kwa kuwataja mbele ya watu wote, kisha nitaomba jua kwa ajili ya Igombe. Yule dada amenijibu ujumbe: atakuja mapema, na amekubali kulisoma Neno yeye mwenyewe.