Nimerudi Mafinga, na mama kanifundisha upya kuchuma mboga

Kamwene ndugu zangu, nimerudi.

Ni miezi miwili sasa toka nishuke stendi ya Mafinga na mabegi mawili, miaka 13 toka niondoke, na kila siku nasema leo ntaandika, leo ntaandika, jioni ikifika miguu ina matope nimechoka nalala. Wengi mmeniuliza nimekuja na mpango gani, ntajenga, ntafungua duka, ntarudi tena Ulaya. Hayo tutaongea. Leo nataka niongee mboga, maana ndo kitu kilichonishika toka siku ya kwanza na hakijaniachia.

Nianzie njiani. Toka tulipopita Mikumi nilikua nimebandika uso dirishani. Ruaha Mbuyuni vitunguu vimepangwa pembeni ya barabara vile vile nilivyoviacha, tukapanda Kitonga taratibu nyuma ya malori, af tulipofika Ilula basi likasimama, wamama wakaja mbio na ndoo za nyanya wanazinyanyua mpaka madirishani. Nikanunua ndoo ndogo. Mzee mmoja wa Kilolo niliyekaa nae siti moja akaniambia binti angalia zisiwe na vitobo, huyo kantangaze. Nikamuuliza kantangaze ndo nani baba? Akanigeukia akanitazama vizuri. Kumbe ni mdudu anayetoboa majani na nyanya zenyewe, kaingia nchini 2014 mimi niko mbali, watu wameshapata hasara, wameshalia, wameshampa na jina, na mimi ndo kwanza nalisikia. Majengo mapya ya Iringa mjini sikuyashangaa sana, hayo nilikua nayaona kwenye picha. Lakini neno ambalo basi zima wanalijua isipokua mimi, hilo lilinichoma.

Kwetu ni nje kidogo ya Mafinga, juu huku, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari. Mwezi wa 10 vilima vyote vimekauka, nyasi rangi ya mkate, vumbi, moshi wa watu wanaochoma mashamba. Af ukifika pale njia inaposhukia bondeni unaona kijani. Kijani mpaka macho yanauma. Nilisimama pale na begi kichwani kama dakika tano, mdogo wangu akanishika bega akasema dada twende, mama anasubiri.

Kwa wale wa Pwani na kwingine msiojua kinyungu, niwaelezee kidogo. Huku mvua ni msimu mmoja tu, inaanza mwezi wa 11 mwishoni au wa 12 mpaka wa 4, hamna cha vuli wala masika. Baada ya hapo ni ukavu. Ila mabondeni maji bado yapo chini ya udongo, ndo huko watu wanashuka kulima kiangazi. Unafyeka nyasi unazilaza, unazifukia kwa udongo unaoutoa kwenye mfereji, linakua tuta pana limenyanyuka, mfereji unaondoa maji yaliyozidi na zile nyasi zinaoza humo ndani zinakua mbolea. Mizizi inajitafutia maji yenyewe huko chini. Kumwagilia ni mwishoni tu, mwezi wa 10 na wa 11 pakikauka sana, unachota mferejini na keni. Shida yake ni sakitu. Mwezi wa 6 na wa 7 unaamka asubuhi unakuta bonde jeupe kama limemwagiwa chumvi, jua likitoka majani laini yote yanageuka meusi, kwa hiyo kabichi na sukuma zinaweza kutangulia ila maharage na maboga yanasubiri baridi ipite. Bibi yangu alilima hivyo na mama yake alilima hivyo.

Siku ya pili yangu nyumbani mama akaniambia twende tukachume mboga. Mama ana miaka 71, kabeba kisufuria kidogo tu. Mimi nikabeba tenga.

Tukaingia kwenye tuta la mchicha, mama akaanza upande ule mimi huku. Nikashika shina nikang'oa na mizizi, nikakung'uta udongo, nikaweka kwenye tenga, la pili, la tatu, mikono inaenda haraka yenyewe hata sifikirii. Nimeshamaliza kama hatua mbili za tuta ndo nikasikia mama kanishika mkono. Hakunigombeza. Kaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nani anakufukuza?"

Sikua na jibu pale pale. Nimelipata baadae nikiwa nimelala.

Kule nilikua naishi Reading, magharibi ya London, nafanya kazi ya kulea wazee. Halmashauri za miji kule zinakodisha vipande vya ardhi kwa wananchi walime mboga zao, nami baada ya kusubiri kwenye foleni miaka miwili nikapata kangu. Nilikapenda sana kale kabustani, nisiseme uongo, kaliniokoa. Mwezi wa 6 jua linazama saa tatu na kitu usiku, nikitoka shifti bado kuna mwanga napitia kupalilia. Jirani wa kushoto alikua mama wa Kijamaika, ndo alinipa mbegu za mchicha, wao wanauita callaloo. Wa kulia Mzimbabwe, analima majani ya maboga anayaita muboora, na jumapili tulikua tunabadilishana. Kwa hiyo mboga nilikula. Ila kule kila kitu kina deni la muda. Mpaka mwezi wa 5 katikati huwezi kutoa mche laini nje sababu ya sakitu, na mwezi wa 9 ukiisha unaanza kuangalia utabiri wa hali ya hewa kila jioni, usiku mmoja tu wa baridi na mchicha wote kwisha. Kwa hiyo unajifunza kuwahi. Ikikaribia baridi unang'oa vyote, unachemsha, unajaza friza mpaka mlango unagoma kufunga. Miaka tisa nimevuna hivyo. Mikono ikazoea kwamba usipochukua leo hutakuta kesho.

Na mama pale bondeni anachuma kama mtu ambaye kesho anayo.

Akanifundisha upya, tuta kwa tuta, na mimi nilikua mtoto wa bonde hilo hilo, ndo inayoniuma. Mchicha haung'olewi, unakata kwa kucha juu ya vifundo viwili vya chini, pale pale panatoa vichipukizi viwili, baada ya wiki unakata tena. Sukuma unashika jani la chini kabisa unalivuta kushuka, linakatika lenyewe "ta!", juu unaacha majani matano au sita ya kulea shina. Mnafu unachuma ncha zikiwa laini kabla haujaanza kuzaa, kila ncha unayokata shina linatanuka. Njegere mkono mmoja unashika mche mwingine ndo unachuma, maana mizizi yake haiendi mbali, ukivuta kwa pupa umeng'oa wote. Kwenye maharage haingii mtu mpaka umande ukauke, unasambaza ugonjwa kutoka mche huu kwenda ule. Boga nalo inategemea unataka nini. Ukitaka majani mengi kata ncha litoe matawi, ukitaka boga lenyewe ncha iache uchume majani ya pembeni, na usiguse yaliyo karibu na boga lililoanza kujaa. Nilimuuliza mama aliyajulia wapi yote haya, akashangaa swali, akasema si unaliona lenyewe.

Kingine, mama hachumi kabla hajajua anapika nini na wanakula wangapi. Jioni saa kumi kuni zimeshawashwa, maji ya ugali yako motoni, ndo anashuka bondeni. Dakika kumi kashuka, kumi kapanda. Siku ya kwanza tulikula majani ya maboga, tukakaa nje tunayatoa nyuzi, unavunja kikonyo unavuta uzi unashuka na ngozi yake yote mpaka chini ya jani, vidole vinakua vya kijani havitoki kwa sabuni. Yakakatwakatwa, nyanya zile za Ilula mbili, kitunguu kimoja, mwishoni karanga alizotwanga mwenyewe, moto ukapunguzwa zikatokota taratibu. Ugali wa sembe. Hamna nyama hamna samaki. Kule nilikua nayapika haya haya, mbegu nilipata, karanga za kusaga zipo supamaketi, na yalikua matamu. Ila kulikua na kitu hakipo na nilikua nadhani ni mawazo yangu tu ya kupakumbuka nyumbani. Sio mawazo. Jani ambalo nusu saa iliyopita lilikua kwenye mmea lina utamu fulani unaoondoka haraka sana, ukichuma jumapili ukapika jumatano baada ya shifti umeshaukosa. Nilikula mpaka mama akaanza kucheka na kuniongezea.

Mnafu bado unanishinda kidogo, uchungu wake nilikua nimeusahau. Mama hamwagi maji yake hata kidogo, anasema ukimwaga umemwaga mnafu wenyewe. Narudi kuuzoea.

Sasa niseme na kisichonifurahisha. Bonde limepungua. Kinyungu cha zamani cha baba kilikua chini kabisa karibu na mto, sasa hivi hakilimwi, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka mtoni au kwenye chanzo cha maji, na mwenyekiti wa kitongoji analisimamia. Nilipoondoka watu wengi huku walikua bado hawaijali. Mama kasogea juu, matuta yamebaki manne kutoka tisa. Nilidhani atalalamika, hakulalamika, alisema mto ukifa hata hayo manne hayapo. Na ni kweli, maji ya huku kwetu yanaingia Ruaha Mdogo, yanashuka mpaka Mtera, wako watu wengi huko chini wanayasubiri. Lakini nikinyanyua macho naona milingoti, yaani mikaratusi, imepandwa mpaka mdomoni mwa bonde, na mpaini umejaa vilima vyote vilivyokua malisho na mashamba ya ulezi. Miti inalipa, naelewa, watu wamesomesha watoto kwa miti, hata simenti ya nyumba yetu imetoka kwenye mpaini alioupanda baba. Ila mlingoti unakunywa maji jamani. Chemchem tuliyokua tunachota na dada zangu sasa hivi mwezi wa 10 inadondosha tone tone. Mwanamke anayelima mboga aambiwe asogee mita 60, sawa, na mwenye milingoti naye aambiwe hivyo hivyo kwa sauti ile ile. Hili nitalisema kwenye mkutano wa kijiji, nimeshamwambia mwenyekiti.

Baba alifariki 2017. Sikuja kumzika, makaratasi yangu yalikua hayajakaa sawa, ningetoka nisingeingia tena na hela ya matibabu ya mama ilikua inatoka kwangu. Mfereji wa kati, ule unaogawa matuta yaliyobaki, aliuchimba yeye. Umenyooka kama umepigwa kamba. Wiki yangu ya tatu hapa niliuzibua wote peke yangu, matope mpaka magotini, siku mbili, na sikutaka mtu anisaidie. Mama aliniona kutoka juu akaniacha.

Kuna na lile la majirani. Nilivyozoea kule mboga yangu ni yangu, ya kubadilishana tunapanga. Hapa mama kila akichuma kuna fungu la pembeni analifunga na jani la mgomba, hasemi la nani. Tukipanda njiani tunapita kwa mama mkubwa mmoja miguu yake imevimba hashuki tena bondeni, mama anaweka fungu mlangoni anapiga hodi, "kamwene!", wanasalimiana kirefu wagonjwa wote wa kijiji wanatajwa, tunaondoka. Siku moja nikamuuliza, akaniambia, "2012 nilivyoumwa huyo ndo alikua ananichumia." Mimi 2012 nilikua nimeambiwa kwenye simu kwamba mama hajambo, ana mafua tu.

Juzi mvua imeanza. Ya kwanza ilipiga usiku, bati lote likalia, asubuhi mfereji wa baba umejaa mpaka juu na tuta la chini limeshalowa. Kinyungu ndo kinaisha hivyo, maji yanapanda na watu wanapanda, sasa hivi kazi iko mlimani kwenye mahindi. Tulishuka kuchuma mara ya mwisho. Nilidhani safari hii tutang'oa vyote lakini wapi, mama akaacha mchicha ule mrefu uliokwisha kutoa mashuke, akaacha na maboga mawili makubwa, akachuma mengine. Jana tukayarudia. Mashuke tumeyapukutishia kwenye ungo, nikapepeta, mbegu nyeusi ndogo zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Za boga tumezianika juani kwenye gunia. Leo mama kazifunga kila moja na kitambaa chake, kapanda kwenye stuli, kazitundika juu ya jiko pale moshi unapopita wadudu wasiziguse, mimi nimemshikilia stuli.

Akiwa bado juu akaniuliza, mwezi wa 5 unataka tuta lipi?

Nikamwambia lile la pembeni ya mfereji wa baba.