Safari ya Babu ya Kila Februari

Babu alikuwa na desturi moja ambayo hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kuigusa. Kila Februari, awe mzima au anakohoa, alinyoa ndevu, akavaa koti lake lenye Nyota ya Burma, medali ya waliopigana vita vya Burma, Myanmar ya leo, akapanda basi kutoka Moshi kwenda Nairobi kusoma jina moja tu lililoandikwa kwenye mnara. Februari ya kwanza baada ya kumzika, Bibi alinitolea lile koti sandukuni. "Nenda, mjukuu wangu. Yule rafiki yake asikose mgeni."

Basi liliondoka alfajiri. Nilikaa nyuma ya dereva, dirishani, mahali pake. Tulipoiacha Arusha na kushika njia ya kaskazini, nchi ikaanza kukauka, na Longido ikatokea na upepo wake wa vumbi. Babu aliipenda sana sehemu hii. Miguu iliyolowa miezi mitatu mfululizo, alisema, haichoki kuona nchi kavu.

Namanga, nikiwa nimeshagongewa muhuri, mzee mmoja anayebadilisha fedha alinishika mkono. Hakunitazama usoni, alitazama koti.

"Mzee wa Burma yuko wapi?"

Nilipomwambia, alikaa chini palepale ukingoni mwa barabara. Kisha akanionyesha begi lake la turubai. Zamani alikuwa akiweka fedha kwenye mfuko wa plastiki. Babu aliona, hakusema kitu, na mwaka uliofuata akamletea begi hilo, alilolishona kwa mkono kwa mshono aliojifunza jeshini. Lilikuwa limefifia rangi, lakini hakuna uzi uliokuwa umeachia. Safari zote zile, na sisi nyumbani hatukuwahi kulisikia jambo hili! Dereva alipiga honi mara tatu kabla sijaweza kuondoka.

Kajiado na Kitengela zilipita huku mawazo yangu yakiwa Burma. Babu alikuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko. Vita vyenyewe hakuvisimulia. Alisimulia matope, ruba waliopenya mpaka ndani ya buti, na nyumbu wa kubeba mizigo waliokataa kupanda vilima. Zaidi ya yote alisimulia daraja la chuma la Kalewa, lililotandikwa juu ya mto Chindwin mwezi Desemba, urefu wake kama mita 350. Alilivuka akihesabu hatua, akapoteza hesabu katikati kwa sababu aliyatazama maji.

Rafiki yake hakufika huko. Walijiandikisha siku moja, vijana wa kijiji kimoja, lakini yeye akapelekwa kwenye mizinga. Babu alikuwa ameshatangulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, akimngoja. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyokuwa imembeba yeye na wenzake kutoka Mombasa ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi, ikazama kwa muda usiotimia dakika tatu. Walikufa watu 1,297, wakiwemo wanawake 77. Zaidi ya nusu ya waliokufa walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Bahari ndiyo kaburi lao. Majina yao yako kwenye mnara wa ukumbusho, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong.

Nilishuka matatu saa tisa alasiri. Mtunza makaburi naye alilitambua koti kabla yangu. Hakuuliza. Alinipa pole, akaniongoza kati ya mistari ya makaburi hadi penye majina, akaweka kigoda pale Babu alipozoea kukaa.

"Alikuwa akisoma jina," akaniambia, "halafu anampa habari za nyumbani. Kwa Kichaga. Kila mwaka, mpaka jua linashuka."

Basi nikalisoma jina kwa sauti. Nikaanza na mvua, kwamba za vuli zilikuwa haba. Nikaeleza migomba ilivyo, nani ameoa, shule imeezekwa upya, mfereji umezibuliwa. Habari ya Babu niliiacha mwisho. Nilipoikaribia, mtunza makaburi alichukua ndoo yake, akaenda kumwagilia maua ya upande wa mbali.