Kizibo juu ya mstari

Mwaka 2019 darasa langu la nne lilikuwa na watoto 63, na kompyuta ilikuwa moja, ya kwangu mwenyewe. Shule ipo wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma. Bando nilinunua kwa pesa yangu, simu naiweka dirishani panaposhika mtandao, spika ndogo juu ya meza, kipindi cha muziki kinaanza.

Mchezo wenyewe ni Song Maker, wa kutunga nyimbo mtandaoni, mmojawapo wa ile michezo ya Chrome Music Lab ambayo Google waliianzisha mwaka 2016. Huu ulitoka 2018. Haulipiwi, wala hauulizi jina lako. Ukiufungua unakuta viboksi kama vya daftari la hesabu. Kwenda kulia ni muda, kwenda juu ni sauti kupanda. Ukibonyeza kiboksi kinajaa rangi na kulia, noti ya do nyekundu, ya re rangi ya chungwa, hivyo hivyo mpaka juu. Mlio wa kwanza unaoukuta humo ni wa marimba, na watoto wa Kigogo waliposikia jina hilo waligeukiana, maana marimba wanazozijua wao hazilii vile.

Mimi nimelelewa na kwaya ya Kilutheri kule Kilimanjaro. Solfa, yaani kuandika nyimbo kwa majina ya noti, nimeisoma kwenye karatasi zilizofifia, d, r, m, mwalimu wa kwaya akigonga meza kwa rula, na ilinichukua muda mrefu kuelewa maana ya kusema sauti "inapanda". Watoto hawa waliielewa siku ya kwanza kwa sababu waliiona ikipanda. Furaha niliyoipata siku hiyo bado ninayo.

Kwa kuwa kompyuta moja haitoshi watoto 63, nilichora viboksi vilevile kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, na vizibo vya soda vikawa noti. Kundi moja linatunga chini kwa vizibo, likimaliza linakwenda kuuhamishia wimbo wake kwenye mashine, darasa zima linanyamaza kusikiliza.

Ijumaa moja nikawaonyesha alama ya maikrofoni. Unaimba, mashine inatafuta kiboksi cha sauti yako na kukiweka. Binti mmoja wa dawati la nyuma, mtoto ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono, akaja mbele akaimba kipande cha wimbo wa Kigogo wanaouimba nyumbani kwao. Alipofika kwenye noti moja mashine ikaweka la. Akasikiliza.

"Siyo hiyo, mwalimu."

Akarudia, ikaja la ileile. Nilimsikia yuko juu ya la kidogo, nikamwambia ashuke. Akaimba vilevile kama mwanzo. Nikaingia kwenye mipangilio, nikaiondoa skeli ya meja, yenye noti saba tu za do mpaka ti, nikaweka kromatiki ili nusu-toni zote, zile hatua ndogo kabisa za kinanda, ziwepo. Safari hii mashine ikaweka ti bemoli, yaani ti iliyoshushwa nusu-toni.

"Hiyo nayo imepita."

"Basi sikio lako bado," nikamwambia. "Nenda kakae."

Wenzake wakacheka. Akarudi kwenye dawati lake, akakalia viganja vyake, na hakuinua uso mpaka kengele ilipogongwa.

Jumatatu babu yake alikuja. Nilidhani amekuja kwa shari. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaligeukia darasa: "Mbukwenyi!" Watoto wote wakaitikia kwa kelele ya furaha. Kisha akafungua kanga, mlimokuwa na ilimba yake, yaani marimba ya Kigogo.

"Mjukuu wangu ananiambia mashine yako ina sauti imepungukiwa, mwalimu. Nikasema nije niisikie."

Ilimba ile ilikuwa sanduku la mbao lililopauka kwa jasho la mikono, na juu yake vyuma 36 vilivyopondwa bapa. Kwenye tundu lake palibandikwa utando wa buibui, ule mweupe anaofunikia mayai, ndio unaoipa sauti yake mkwaruzo. Chuma kikipigwa hakilii peke yake. Vile ambavyo havikuguswa vinanong'ona nyuma yake.

Nikabonyeza la. Akatikisa kichwa. Nikabonyeza ti bemoli. Akatikisa tena, akapiga chuma kimoja kwa kidole gumba, na sauti aliyoiimba yule binti ikajaa darasani.

"Ndiyo hii. Ya kwanza yako imelala, ya pili imeruka."

Alipiga mara ya tatu na mimi nikibonyeza pamoja naye, na kwa masikio yangu nikasikia sauti mbili zikisuguana, zinakataa kukaa pamoja. Baadaye nilisoma nikaelewa. Muziki wa Kigogo unafuata sauti ambazo uzi mmoja unazo ndani yake, zinazozaliwa kwa kuugawa uzi sehemu sawasawa, na ile ya saba, ndiyo hiyo ya binti, iko chini ya ti bemoli ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Kinanda hakina. Kwaya yangu haikuwa nayo. Mtoto wa miaka kumi alikuwa nayo, akaishikilia mara tatu huku mwalimu wake akimwambia amekosea.

Nilimwita mbele, nikamwomba radhi mbele ya wale wale waliomcheka. Akaitikia kwa kichwa tu. Babu yake alikuwa ameinama akisukuma chuma fulani ndani kwa ncha ya kisu, anakipandisha, kana kwamba hakusikia.

Kipindi hicho kundi la binti lilikuwa na zamu ya sakafuni. Akachukua kizibo cha Fanta, akakiweka kwenye kiboksi cha la, akakiondoa. Akakisogeza kwa kidole, polepole, mpaka kikalalia mstari wa chaki wenyewe, nusu huku, nusu kule.

"Mwalimu, hapa panaitwaje kwa solfa?"

Sikuwa na jina la kumpa. Nikamwambia aimbe, sisi tutamfuata.